Siku Itandala Ilipozimwa

1

Feni za ngazi ya nne zilikuwa zimesimama kwa dakika thelathini na nane pale Minza alipokubali moyoni kwamba hazitaamka kwa kubembelezwa. Alikuwa peke yake katika chumba cha kompyuta, ameketi kwenye kiti cha marehemu mumewe, na mbele yake kijistari cha mstari wa amri kilipepesa kikingoja aandike amri nyingine.

Amri za Itandala ziliandikwa kwa Kiswahili. Waasisi wa mji, walipoingia ndani ya mgodi uliohamwa ili kulikimbia jua la juu, waliona ni upumbavu kuwaachia wajukuu amri za lugha ambayo huenda hakuna atakayeikumbuka. Kwa hiyo aliyetaka kuisimamisha programu iliyokwama aliandika *ua*, na aliyetaka kuizima kompyuta nzima aliandika *zima*. Minza alikuwa ameandika *ua* mara sita, mbili kati ya hizo kwa lazima. Kila mara kompyuta ilimjibu kwa adabu kwamba amri imepokelewa, na programu ya feni ikabaki palepale kwenye orodha. Ilikuwa imeiuliza kadi ya feni swali, kadi haijibu, nayo programu ilikuwa kama mdai haki aliyeketi nje ya ofisi: haondoki, hali, hafi, mpaka apewe jibu lake.

Simu ya ukutani ikalia. Alikuwa Kalunde, muuguzi wa zahanati ya ngazi ya nne, mwanamke ambaye siku zote aliongea kama anafukuza kuku. Leo aliongea polepole, akiibania pumzi yake. Alisema wako arobaini na watatu huko chini, kumi na mmoja wao ni wa vitandani, na Bi Ng'wasi ndiye aliye hoi kuliko wote. Mlango wa chuma wa kupandia ngazi ya tatu ulijifunga wenyewe feni ziliposimama, kama ulivyoundwa kufanya ili hewa mbaya isipande juu, na wanaume wameupiga nyundo mpaka mpini umevunjika. Watoto amewapandisha juu ya meza, kwa kuwa hewa mbaya hutulia sakafuni.

"Da Minza," alisema mwishoni, "nina saa moja. Labda na robo. Bi Ng'wasi hana hata hiyo."

Minza alimjibu kwamba anajitahidi. Alipoirudisha simu ukutani aliona haya kwa neno lile.

Dawa ilikuwa moja tu, na kila aliyewahi kukaa mbele ya kompyuta anaijua: izime, uiwashe upya. Kadi ingesahau ukaidi wake, programu ingeanza na akili mpya, mlango ungepokea amri ukafunguka. Lakini kompyuta ya Itandala ilikuwa haijazimwa kwa miaka tisa.

2

Haikuzimwa kwa sababu ya sauti.

Mtu alipofariki Itandala, kompyuta ilikusanya kila alichowahi kusema kwenye simu na redio za mji, ikakisuka kwa saa sabini na mbili, na saa hizo zikitimia sauti yake ikafunguka kwa jamaa zake. Waliweza kumuuliza alikoweka jembe, kumsuta, kumwomba radhi, au kukaa naye tu jioni akilalamika juu ya mboga. Siku ya arobaini walikusanyika wakamuaga, na sauti ikafungwa. Waasisi walikataza sauti kuandikwa kwenye diski. Ilikaa katika kumbukumbu ya muda tu, ile inayofutika umeme ukikatika, ili pasipatikane njia ya kumbakiza mtu hata kwa machozi. Walikuwa wameona miji mingine ambako walio hai waliacha kulima, wakakaa na wafu wao mpaka wakawafuata.

Ilikuwa sheria nzuri. Ila mji wa watu mia nne na kumi na wawili haumalizi siku arobaini bila msiba mpya. Kila siku ilipopangwa ya kuizima kompyuta kwa matengenezo, palikuwa na mfiwa, na sheria ilimpa kila mfiwa haki ya kutengua kuzima. Hata hiyo haki haikuwahi kutumika, maana nani angekwenda kumwambia mjane ampishe fundi? Matengenezo yaliahirishwa wiki, kisha mwezi, kisha watu wakaacha kuyataja.

Asubuhi ile kulikuwa na sauti sita. Mojawapo ilikuwa ya Luhende, aliyeisimamia kompyuta hiyo kwa miaka kumi na minne, mume wa Minza. Kwenye kona ya skrini, pale ambapo miji mingine huweka tarehe, paliandikwa: *Luhende, siku ya 23.* Watu wa Itandala walizoea hivyo. Chini ya ardhi hakuna mvua wala kiangazi. Siku zilihesabiwa kwa misiba, na kompyuta ndiyo iliyojua zilizobaki.

Minza alikuwa na siku kumi na saba. Alizitumia kama mtu anavyotumia sukari iliyobaki kidogo kwenye kopo. Kila jioni alimuuliza mumewe jambo moja dogo, akaenda kulala. Makubwa aliyaweka kwa ajili ya siku za mwisho.

Akaandika *zima -w +30*, yaani zima na uwashe upya baada ya dakika thelathini, na mbele yake akaanza ujumbe ambao ungetokea kwenye kila dirisha lililo wazi mjini. Kwanza aliandika "Samahani kwa usumbufu," kama Luhende alivyokuwa akiandika maji yakikatika. Akayafuta. Mwishowe uliosimama ni huu:

*Ndugu wafiwa. Watu 43 wa ngazi ya nne hawana hewa. Kompyuta itazimwa na kuwashwa upya baada ya dakika 30. Sauti zote sita zitapotea. Waageni sasa. Nisameheni. Minza.*

Akabonyeza Enta.

Dakika haikuisha, kipaza sauti kilichokuwa mezani kikakwaruza.

"Nimeupata ujumbe wako," alisema Luhende.

Minza hakuwa amemwita. Haikumjia kabisa akilini kwamba ujumbe wa *zima* huenda kwa kila aliyemo ndani ya kompyuta, na kwamba wale sita nao walikuwa ndani.

"Sikutaka uusome hivyo," alisema.

"Nimeshasoma mabaya zaidi. Huu angalau umeeleweka." Akanyamaza kidogo, vilevile alivyokuwa akinyamaza akitafuta miwani iliyo kichwani mwake. "Umejaribu kuiua kwa lazima?"

"Mara mbili."

"Basi ni ile kadi."

Akamweleza bila kuficha. Kadi ile ilianza kusitasita miaka mitano iliyopita. Alijua kwamba kuizima kompyuta mara moja, kwa utaratibu, siku ambayo feni zote ni nzima, kungeiponya. Alipanga. Kisha akafa mtu, Luhende akauona uso wa mjane kwenye msiba, akasema ngoja arobaini ipite. Kabla haijapita akafuata mwingine. Hakumwambia mwenyekiti wa mji wala hakumwambia Minza.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyeiahirisha," alisema. "Usije ukausingizia mji."

Minza alihisi hasira ikimpanda, akashangaa kwamba bado inawezekana kumkasirikia. "Nilikuwa nakusifu kwa hilo, Luhende. Niliwaambia watu nimeolewa na mtu mwenye huruma."

"Uliwaambia pia kwamba nakoroma."

Hakucheka, lakini sasa aliweza kuuliza kilichombana: kompyuta itaamka? Luhende alisema hajui. Kitu kilichokaa macho miaka tisa, mtu hawezi kuapa kwamba kikilala kitaamka. Isipoamka, hazitasimama feni za ngazi ya nne peke yake, zitasimama za mji mzima, na milango yote itajifunga. Watu mia nne na kumi na wawili badala ya arobaini na watatu.

"Ungekuwa wewe?" Minza aliuliza.

"Mimi nimeshakuwa mimi, na ndiyo maana tuko hapa."

Akampa mambo matatu, naye akayaandika nyuma ya bahasha. Skrini ikibaki nyeusi yenye kistari cheupe, asiguse kitu, hata akiona imekaa mno. Betri ya saa ya ndani imekufa zamani, kwa hiyo ataulizwa tarehe. Aiweke sawasawa, kwa sababu kila mlango una saa yake na hupokea amri za siku yake tu. Na feni aziwashe kwa zamu, moja hadi nne, akingoja mshale wa umeme utulie kila mara, la sivyo umeme wote utaanguka.

"Tarehe naijua," alisema Minza, akitupia jicho kona ya skrini.

3

Zikiwa zimebaki dakika ishirini na mbili, maandishi mapya yalitokea.

*Kuzima kumetenguliwa. Aliyetengua: Malale, mfiwa wa Nkwimba.*

Minza aliyasoma mara mbili. Akaandika amri upya, safari hii ya dakika kumi na tano, na chini ya ujumbe akaongeza: *Mzee Malale, nakusihi.* Dakika sita zikapita, kwa jinsi zilivyopita. Kisha: *Kuzima kumetenguliwa.*

Alimpigia simu, haikupokelewa. Alikuwa akitafuta namba ya jirani yake mlango ulipofunguka na Malale mwenyewe akaingia, simu yake ya mkononi ameishika mbele kama aliyebeba taa. Alikuwa mzee mrefu, mtunzaji wa vyumba vya uyoga vya ngazi ya pili, na harufu ya majani mabichi yaliyoloana iliingia pamoja naye.

"Usinipigie," alisema. "Ukinipigia utaniambia jambo la kweli na mimi nitakosa jibu. Nimeona bora nije nilikose hapahapa."

Minza alimpa pole ya mkewe, maana hata siku kama ile pole haipitwi. Akamvutia kiti. Malale hakuketi.

Alisema sauti ya Nkwimba inasukwa, imefika saa ya sitini na moja. Zimebaki kumi na moja. Mkewe alifariki yeye akiwa zamu, kwenye uyoga. Kabla hajatoka, Nkwimba alimwita kutoka kitandani, naye akajibu kutoka mlangoni kwamba atamsikiliza akirudi.

"Nataka kujua alitaka kusema nini," alisema. "Basi. Saa kumi na moja na neno moja. Halafu zima hata dunia."

"Baba, hawana saa kumi na moja. Hawana hata saa moja."

"Nimesoma. Mimi si mjinga, wala si katili. Lakini wewe, mwanangu, umekula siku ishirini na tatu. Mimi sijalamba hata kijiko."

Minza alijua ni kweli. Kipaza sauti kikakwaruza.

"Mzee Malale," alisema Luhende.

Malale aliinua kiganja kuelekea mezani. "Wewe nyamaza. Ulikuwa unaniibia kete za drafti ukiwa hai. Sibishani na marehemu."

"Za drafti nakubali. Hili sitaki nikuibie kwa kujificha."

Akamwambia yale aliyomwambia mkewe: kadi, miaka mitano, kuahirisha. Hakujitetea. Malale alisikiliza ameinamisha kichwa, na alipokiinua uso wake ulikuwa umekauka.

"Kwa hiyo uliwahurumia wajane wote wa mji huu," alisema, "hesabu ukanipelekea mimi."

"Ndiyo, mzee."

"Hata samahani huombi."

"Itakusaidia nini?"

"Hainisaidii."

Simu ya ukutani ikalia. Minza angeweza kubonyeza kitufe cha sauti ya nje ili mzee naye asikie. Hakubonyeza. Aliona itakuwa kumchapa mtu kwa fimbo ya watoto wa wenzake. Akaibana simu sikioni. Kalunde alisema Bi Ng'wasi ameacha kuitika. Watoto wawili wamelala na hawaamki wakifinywa. Kisha akasema, kwa sauti ambayo Minza hakuwahi kuisikia kwake, kwamba yeye mwenyewe anaona meza mbili pale ilipo moja.

Minza aliiacha simu ining'inie. Akamgeukia mzee.

"Ninakuomba usitengue tena."

"Sitasema ndiyo."

"Sikuombi ndiyo."

Malale aliitazama simu iliyokuwa ikizunguka kwenye waya wake, sauti ndogo ya Kalunde ikitoka ndani yake. Akaitia yake mfukoni. "Ukizima, umezima wewe," alisema. "Usije ukasimama mbele ya watu ukasema tulikubaliana. Mimi na Nkwimba hatukukubaliana na mtu."

Kulikuwa na amri moja ambayo mfiwa hawezi kuitengua. Iliwekwa kwa ajili ya moto, na tangu mji uanze hakuna aliyewahi kuiandika. Kuiandika ni kumnyang'anya mtu haki aliyoachiwa na waasisi, mbele ya macho yake, naye hana kosa. Minza aliiandika. Vidole vilikosea, akafuta, akaandika tena.

*zima -w sasa --lazima*

"Luhende," alisema.

"Nipo."

Yale makubwa yote aliyokuwa ameyaweka yalimjaa kinywani kwa pamoja, na kwa kuwa yalikuja pamoja hakuna lililoweza kutoka. Simu iliendelea kuzunguka kwenye waya.

"Feni moja moja, Minza," alisema mumewe. "Usiwe na haraka na ya nne."

Hayo ndiyo yakawa maneno yake ya mwisho kwake. Minza alibonyeza Enta.

4

Kwanza ilizimika skrini. Kisha, ngazi baada ya ngazi, feni zilianza kushusha pumzi, mvumo ukawa mzito, ukawa mnong'ono, ukaisha. Minza alizaliwa Itandala na alikuwa hajawahi kuisikia ikiwa kimya. Milango ya chuma ilijifunga mmoja baada ya mwingine, mpaka wa mwisho, wa karibu kabisa, uliotikisa vikombe juu ya kabati. Sauti ndogo ya Kalunde ilikatika, kwa kuwa simu nazo zilipita kwenye kompyuta.

Taa ya dharura ikawaka, nyekundu, hafifu. Kwenye skrini pakatokea kistari cheupe.

Minza akakalia mikono yake ili isiguse kitu. Saa ya mkononi ya Malale, saa ya zamani ya kujaza kwa kuzungusha, ilisikika ikitembea. Dakika ya tatu. Ya tano. Mahali fulani kwenye korido mtu alikuwa akigonga bomba, akaacha, akaanza tena. Dakika ya nane Minza alitoa mkono mmoja, akausogeza kwenye kitufe cha umeme, akaurudisha. Aliwaza kwamba ameua watu mia nne ili kuokoa arobaini na watatu ambao nao wamekufa. Aliliwaza hilo kwa utulivu, kama mtu anayesoma barua ya mtu mwingine.

Dakika ya kumi kistari kiliruka mstari.

*Betri ya saa imekwisha. Ingiza siku, mwezi na mwaka. Tarehe isiyolingana na ya milango itaifunga milango kwa saa 24.*

Aliandika mwaka. Mwezi na siku alivitafuta kwa njia aliyoiona rahisi: Luhende alifariki tarehe tisa Agosti, na leo ni siku ya ishirini na tatu. Tisa ni ya kwanza, kumi ni ya pili. Ikaja thelathini na moja. Kidole kilikuwa tayari juu ya tatu aliposita.

Luhende alifariki tarehe tisa. Alizikwa tarehe kumi.

Kompyuta ilihesabu kutoka lini? Kufa au kuzikwa? Jioni ishirini na kadhaa alikuwa ameitazama ile kona na hakuwahi kujiuliza, kwa sababu alichotaka kujua ni siku ngapi zimebaki, si leo ni lini. Hakuna kalenda ya karatasi iliyokuwa imetundikwa Itandala tangu utoto wake. Angeweza kuisoma tarehe dakika kumi na mbili zilizopita kwa kuandika neno moja. Angeweza kumuuliza Luhende, aliyemkumbusha mwenyewe, lakini yeye alimjibu kwamba anaijua.

"Nini?" aliuliza Malale.

"Arobaini huhesabiwa kutoka lini?"

"Wengine kufa, wengine kuzikwa. Kwetu ni kuzikwa."

"Na kompyuta?"

"Mimi nitajuaje mambo ya kompyuta?" Akasogea, akasoma kilichokuwa kwenye skrini, midomo ikienda pamoja na maneno. Minza alimwona anapoelewa. Alielewa kwamba mwanamke huyu, aliyemfutia mkewe kabla hajamsikia, hajui leo ni tarehe ngapi, na kwamba yeye huenda anajua. Alinyamaza. Hakunyamaza kwa muda mrefu, lakini Minza alizisikia pumzi zake zote.

Kisha akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa ratiba ya dawa ya Nkwimba, kwa mwandiko wa Kalunde uliosimama wima, na kila dozi ilikuwa imetiwa tiki na siku yake. Tiki ya mwisho ilikuwa ya tarehe ishirini na tisa Agosti, saa mbili usiku.

"Alifariki usiku huohuo," alisema. "Saa nne na nusu. Mimi sikulala, lakini usiku umepita mara tatu. Huo wa ishirini na tisa. Wa thelathini." Akasita. Akakunja ngumi, akaanza kuhesabu miezi kwenye vifundo vya vidole na mabonde yake, Januari kifundo, Februari bonde, kama watoto wanavyofundishwa. Agosti iliangukia kifundo. "Ina thelathini na moja. Basi na huo. Leo ni tarehe mosi Septemba."

"Una hakika, baba?"

"Zile siku tatu nitazikosea?"

Minza aliandika *1*, akaandika *Septemba*, akabonyeza.

Mji haukufanya lolote kwa muda wa kumeza mate. Kisha upande wa korido chuma kiliachia chuma, na sauti ile ikashuka ngazi kwa ngazi kwenda chini.

Aliwasha feni ya kwanza. Mshale wa umeme uliruka, ukatetemeka, ukatulia. Aliwasha ya pili. Ya tatu ilimchelewesha, mshale ukicheza karibu na alama nyekundu, na kila kiungo mwilini mwake kilimwambia awashe ya nne sasa hivi, watoto wako juu ya meza. Alingoja. Mshale ulipolala aliandika amri ya nne, na kutoka chini kabisa, kupitia nyayo za miguu yake, akausikia mvumo ukianza.

5

Kalunde alipiga simu baada ya robo saa. Alikuwa akikohoa na kulia kwa pamoja. Mlango ulifunguka wenyewe, alisema, na upepo ukaingia kwa nguvu mpaka mashuka yakapeperuka. Wale watoto wawili wameamka, mmoja ametapika, mwingine anadai uji. Minza alimuuliza idadi. Kalunde akamwambia ni arobaini na wawili. Bi Ng'wasi hakungoja. Akauliza kama kompyuta ina nguvu ya kutosha kumsuka.

Minza alisema inayo. Alifungua dirisha jipya, akaandika jina la Bi Ng'wasi, na kwa mara ya kwanza akaona kompyuta inavyouliza mwanzoni kabisa: tarehe ya kufa au tarehe ya kuzikwa? Luhende ndiye aliyelijibu swali hilo kwa niaba ya kila mfiwa kwa miaka kumi na minne. La kifo chake mwenyewe lilijibiwa na mwenyekiti, siku ambayo Minza hakuweza kuinuka mkekani.

Malale alikuwa bado amesimama nyuma yake. Alikuwa amesikia, na hakuuliza Bi Ng'wasi alifariki dakika gani.

Kompyuta ilikuwa na swali moja zaidi. Ilimuuliza msimamizi sababu ya kuzimwa, ikamwarifu kwamba jibu litaandikwa kwenye diski na halitafutika. Minza aliandika: *Kadi ya feni, ngazi ya nne, ilikwama. Watu 43 walikuwa hatarini. Nilitumia amri ya lazima. Sauti sita zimepotea.* Akayaandika majina ya wale sita, la Luhende katikati, bila kulitofautisha na mengine.

"Andika kwamba mimi sikukubali," alisema Malale.

"Hakuna atakayesema ulikubali, baba."

"Wewe andika. Na uandike kwamba nilitengua mara mbili. Kalunde akija kutafuta zile dakika zilikwenda wapi, asizitafute kwako."

Minza aligeuka kumtazama. Macho ya mzee yalikuwa kwenye skrini, na karatasi ya dawa ilikuwa bado mkononi mwake, ameikunja tena mara nne. Hakuwa akimwombea Minza msamaha wala kujiombea mwenyewe. Alitaka tu iwe imeandikwa kama ilivyokuwa.

Akaandika: *Malale, mfiwa wa Nkwimba, alitengua mara mbili. Hakukubali hadi mwisho.* Kidole kilikwenda kwenye Enta, kikarudi. Akaongeza sentensi moja.

*Tarehe iliyofungua milango aliitoa yeye.*

Malale alisogea akasoma tangu mwanzo, polepole, midomo ikitembea. Alipofika jina la mkewe alikaa hapo kidogo. Akaendelea mpaka mwisho.

"Hilo la mwisho sikukwambia uliandike," alisema.

"Najua," alisema Minza, akabonyeza Enta.